Kila Mashine na Masharti Yake

Katika seva nyingi za Linux zinazogawa mafaili mtandaoni kuna faili moja fupi la maandishi liitwalo /etc/exports. Mara nyingi halifiki hata mistari ishirini. Halina rangi wala vitufe, na linafunguka kwa programu yoyote ya kuandikia. Lakini humo ndimo huamuliwa mashine ipi ifike kwenye folda ipi, isome tu au iandike pia, na msimamizi wa mashine hiyo ahesabiwe kuwa nani akishafika. Ofisi nzima inaweza kufungua kazi zake asubuhi na kuzihifadhi jioni bila hata mmoja kujua kwamba faili hilo lipo.

Nimesoma mengi ya mafaili haya, yaliyoandikwa na mafundi wa hulka mbalimbali, na yale mazuri nayapenda kwa dhati. Uzuri wake ni wa kipimo. Fundi hodari huipa kila mashine kile ambacho kazi yake inadai, huishia hapo hapo, kisha huacha maelezo yatakayomsaidia fundi atakayemfuata kuelewa sababu. Nyumba za kale za mwambao zilipangwa kwa fikra kama hiyo: mgeni wa shughuli huketi barazani, jamaa hukaribishwa ukumbini, na vyumba vya ndani hubaki vya wenye nyumba. Kila mmoja hupokelewa kwa heshima pale alipofikia, na hakuna anayejiona amedharauliwa. Kupanga mashine kwa adabu hiyo ni ufundi kamili, na unastahili kutazamwa bila haraka.

Mfumo wa kugawa mafaili unaoendeshwa na faili hili, NFS, ulitoka Sun Microsystems, kampuni ya California iliyokuwa ikiwauzia wahandisi na vyuo vikuu kompyuta za mezani. Mwaka 1985 wahandisi wake watano, Russel Sandberg, David Goldberg, Steve Kleiman, Dan Walsh na Bob Lyon, waliueleza muundo wake katika mkutano wa USENIX mjini Portland, Oregon. Walitaka programu ifungue faili lililo kwenye mashine nyingine kwa njia ile ile inayofungulia faili la diski yake yenyewe, bila kuandikwa upya. Wakafanikiwa. Protokoli ikachapishwa kwa umma mwaka 1989 kama RFC 1094, toleo la tatu likafuata mwaka 1995, na la nne mwaka 2000. Leo hii fundi anayepachika folda ya mbali kwenye mashine yake bado anatumia fikra za watu wale watano.

Walijenga kwa mazingira yao. Mashine zilikuwa za idara moja na zilisimamiwa na watu waliojuana, kwa hiyo seva iliiamini mashine, na mashine ndiyo iliyosema mtumiaji wake ni nani. Ombi la kusoma faili hufika likiwa limebeba namba tu: mtumiaji 1004, kundi 100. Seva haina njia ya kumwona mtu aliyekaa mbele ya kioo. Inaona anwani ombi lilikotoka, na inaona namba ambazo mashine ya huko imeandika. Kwa utaratibu wa kawaida, ule uitwao sec=sys, ndivyo ilivyo mpaka sasa. Hapo ndipo unapoonekana uzito wa kupanga masharti kwa kila mashine. Ikiwa unachokiamini ni mashine, basi ni lazima ujue unaiamini ipi, na kwa kiasi gani.

Tuchukue mfano wa idara ya upimaji ardhi katika chuo. Seva yake ina sehemu tatu za diski. Ya kwanza imehifadhi picha asili za angani zilizopigwa na ndege isiyo na rubani. Picha hizo haziwezi kupigwa tena, kwa kuwa mto uliokuwa umefurika siku ile umesharudi kwenye kingo zake. Ya pili ina folda binafsi za wanafunzi na walimu. Ya tatu hupokea ramani za karatasi zinazopitishwa kwenye skana. Mashine za maabara zote ziko kwenye mtandao mdogo wa 10.20.4.0/24, na humo humo kuna tatu zenye kazi maalumu: ya kupokea picha za ndege, ya kuhifadhi nakala rudufu, na ile iliyounganishwa na skana. Fundi ameandika hivi:

# Picha asili: mashine ya kupokea huandika, maabara husoma tu
/srv/picha -sync,no_subtree_check,mp 10.20.4.11(rw) 10.20.4.0/24(ro)

# Folda binafsi: mashine ya nakala rudufu husoma zote, haiandiki
/srv/watumiaji -sync,no_subtree_check,mp 10.20.4.9(ro,no_root_squash) 10.20.4.0/24(rw)

# Ramani za skana: kila kinachoingia ni mali ya akaunti ya skana
/srv/skana -sync,no_subtree_check,mp 10.20.4.60(rw,all_squash,anonuid=3001,anongid=3001) 10.20.4.0/24(ro)

Mistari mitatu ya amri na mitatu ya maelezo inatosha kuendesha idara nzima. Kila mstari wa amri unaanza na folda, unafuatiwa na masharti ya jumla yaliyotanguliwa na kistari, kisha zinatajwa mashine, kila moja na masharti yake ndani ya mabano. Yale ya jumla yameandikwa mara moja tu kwa kila folda, ili jicho la msomaji lisichoshwe na marudio na lifike upesi kwenye yale yanayotofautisha mashine moja na nyingine. Fundi aliyepanga hivi alimfikiria atakayesoma.

Tuanze na namna ya kuzitaja mashine. Unaweza kuitaja moja kwa jina au kwa anwani. Unaweza kutaja mtandao mzima, kama 10.20.4.0/24. Unaweza kutumia kinyota ndani ya jina, ili maabara*.idara.example ishike kila mashine ambayo jina lake linaanza na maabara. Unaweza kutaja kundi la mashine lililoorodheshwa mahali pengine, kwa kulitanguliza alama ya @. Na unaweza kuweka kinyota peke yake, maana yake mtu yeyote kutoka popote. Mashine moja inaweza kuangukia katika zaidi ya aina moja kati ya hizi. Mashine ya nakala rudufu, 10.20.4.9, imetajwa kwa anwani yake, na papo hapo imo ndani ya mtandao wa maabara. Je, itafuata masharti yapi?

Linux ina jibu lisilobadilika. Iliyotajwa peke yake hutangulia, ikifuatwa na mtandao, kisha majina yenye kinyota, kisha makundi, na mwisho kabisa kinyota cha watu wote. Mpangilio wa maneno kwenye mstari haubadilishi ngazi hiyo. Ni pale tu mashine inapoangukia mara mbili katika aina ile ile, kwa mfano makundi mawili, ndipo lililoandikwa mwanzo hushinda. Kwa hiyo mashine ya nakala rudufu itasoma tu, ingawa majirani zake wote wa maabara wanaandika. Kanuni hii naiona ya busara sana, kwa sababu inampa fundi uhuru wa kuweka sheria pana kwa wengi na kisha kumtenga mmoja bila kuibomoa sheria. Fundi anayeijua huandika mistari mifupi. Asiyeijua huorodhesha anwani thelathini moja moja, na mwaka ukifuata hakuna anayejua ni ipi kati yake bado ina mwenyewe.

Kuchagua kati ya jina na anwani nako kuna hekima yake. Jina husomeka na binadamu, na hubaki vile vile mashine inapohamishiwa anwani mpya. Lakini jina hutegemea DNS, mfumo unaotafsiri majina kuwa anwani, na DNS ikiyumba, ruhusa nayo huyumba. Tena kinyota kwenye jina hushika hata nukta, kwa hiyo *.idara.example inaingiza mashine za idara pamoja na za kila tawi lililo chini yake, likiwemo lile litakaloanzishwa mwakani na watu usiowajua. Na kinyota hakifai kwenye namba za anwani: anayeandika 10.20.4.* akidhani ametaja mtandao anaweza kuona kimefanya kazi kwa bahati, na bahati haijengewi seva. Mtandao hutajwa kwa mkwaju na ukubwa wake.

Baada ya kutaja mashine huja ro na rw. Ukinyamaza, Linux huchukua ro, kusoma bila kuandika, na chaguo-msingi hilo nalipenda. Kuandika ni jambo la kuombwa kwa kutajwa. Kwenye folda ya picha za angani, mashine moja tu inaandika. Mwanafunzi akikosea amri kwenye maabara, akataka kufuta folda nzima, seva itakataa hata kama ruhusa za faili lenyewe zingemkubalia. Picha za mafuriko zimekingwa na herufi mbili.

Sasa tufike mahali ambapo ufundi huu hupimwa kwa kweli, kwa mtumiaji aitwaye root. Kwenye kila mashine ya Linux yeye ndiye mwenye mamlaka yote, na namba yake ni 0. Mashine ya mbali ikituma ombi lililobeba namba 0, seva ifanye nini? Ikilikubali kama lilivyo, basi yeyote mwenye mamlaka juu ya kompyuta moja ya maabara ana mamlaka hayo hayo juu ya mafaili ya folda hiyo yaliyo kwenye seva. Jibu la NFS ni root_squash, nalo ndilo chaguo-msingi: namba 0 hushushwa daraja, ikageuzwa kuwa ya mtu asiye na jina, kwa kawaida 65534. Mkuu wa mashine ya mbali akifika kwenye seva anakuwa mgeni wa kawaida. Wengine wote hubaki na namba zao.

Kinyume chake ni no_root_squash, na kwa neno hili fundi mwangalifu hutofautishwa na asiyejali. Lina kazi zake halali. Kompyuta isiyo na diski, inayowaka kwa kuvuta mfumo wake wote kutoka kwenye seva, haiwezi kuishi bila hilo. Mashine ya nakala rudufu nayo inalihitaji, kwa kuwa lazima isome folda za watu wote, hata zile ambazo wenyewe wamezifungia wengine. Lakini tazama fundi wetu alivyoliandika: 10.20.4.9(ro,no_root_squash). Ameipa mashine jicho la kuona kila kitu, na kwa pumzi ile ile akaifunga mikono. Siku mvamizi akiiteka mashine hiyo, atasoma, na hilo ni jambo zito. Lakini hatafuta wala kubadilisha hata herufi moja kwenye seva. Maneno mawili yamewekwa pamoja ili moja lirekebishe hatari ya jingine. Ninapouona mpangilio huo kwenye faili la mtu, najua alikaa akafikiri.

Fundi mwangalifu anajua pia mahali ulinzi huo unapoishia. root_squash humshusha namba 0 peke yake. Mtu mwenye mamlaka kamili kwenye mashine ya maabara anaweza kujigeuza kuwa mtumiaji 1004 na kutuma ombi kwa namba hiyo, na seva itaamini. Ndiyo maana folda yenye siri nzito haikingwi kwa orodha ya mashine pekee. Hapo huingia Kerberos, ambayo kwayo mtu mwenyewe huthibitisha ni nani: sec=krb5 kwa uthibitisho wa mtumiaji, krb5i ikiongeza ulinzi dhidi ya kugeuzwa kwa data njiani, na krb5p ikificha data yote isisomwe na anayechungulia mtandao. Masharti haya nayo huwekwa kwa kila mashine, ndani ya mabano yale yale. Kujua mwisho wa uwezo wa chombo chako ni sehemu ya kukimudu.

Mstari wa skana unaonyesha ustadi wa aina nyingine. Kompyuta ile hutumiwa na kila mtu anayekuja na ramani mkononi, na namba za watumiaji wake hazilingani na za seva. Ingeachwa hivyo, ramani zingeingia kwenye seva zikiwa mali ya namba zisizojulikana, na mwishoni mwa muhula hakuna ambaye angeweza kuzipanga. Sharti la all_squash huzikusanya namba zote zinazotoka kwenye mashine hiyo, na anonuid=3001 pamoja na anongid=3001 huzipa mwenyewe mmoja, akaunti ya skana. Hakuna mafaili yatima. Maabara nzima inazisoma ramani, na mwalimu anayehusika anazipanga kwa akaunti hiyo moja. Tatizo ambalo lingezaa malalamiko ya kila wiki limemalizwa ndani ya mabano.

Neno sync limeandikwa kwenye kila folda, ingawa ni chaguo-msingi tangu matoleo ya nfs-utils, programu za NFS kwenye Linux, yaliyofuata 1.0.0. Kabla ya hapo ilikuwa async, na tofauti ya mawili haya ni ya uaminifu. Mashine ikituma data ya kuhifadhiwa, seva ya sync hujibu kwamba imehifadhi baada ya data kufika kweli kwenye diski au mahali pengine pasipopoteza data umeme unapokatika. Seva ya async hujibu mapema, data ikiwa bado kwenye kumbukumbu ya muda. Inaonekana ya kasi, na watumiaji huisifu, mpaka siku umeme unapokatika ghafla. Hapo mashine iliyoambiwa kazi yako ipo salama inabaki imeshika ahadi isiyo na kitu. Async inakwenda kinyume na protokoli yenyewe. Sehemu ambazo umeme hukatika bila taarifa, uamuzi huu hauhitaji mjadala mrefu.

Tena hasara ya kasi si kubwa kama inavyosemwa. Katika toleo la pili la NFS, kila kipande cha data kilipaswa kufika diskini kabla ya jibu, na hilo lilichosha. Toleo la tatu lilileta njia bora: mashine inaweza kutuma vipande vingi ikikubali kwamba bado havijatulia, ikabaki na nakala zake, kisha ikatuma ombi liitwalo COMMIT. Seva inapojibu COMMIT, ndipo data yote imekaa, na mashine inaweza kuzitupa nakala zake. Seva ikianguka katikati, mashine inavituma upya. Waliobuni utaratibu huu walitafuta kasi bila kumdanganya mtu, na fundi anayeacha sync mahali pake ananufaika na kazi yao.

Maneno mawili yaliyobaki kwenye masharti ya jumla yana hadithi ndefu kuliko urefu wake. Seva ya NFS huitambua kila faili kwa kitambulisho ambacho huipa mashine inayoomba, na mashine hukitumia kila inaporudi. Ukitoa mtandaoni folda ndogo iliyo ndani ya diski kubwa, seva hujua kwa urahisi kwamba faili linaloombwa limo kwenye diski hiyo, lakini kujua kama limo ndani ya folda ile ndogo ni kazi ngumu zaidi. Sharti la subtree_check hulazimisha ukaguzi huo, na ili uwezekane, mahali faili lilipo huandikwa ndani ya kitambulisho chenyewe. Faili likihamishwa folda wakati mtu amelifungua, kitambulisho chake kinaharibika, na mtu huyo anapata kosa asiloelewa. Kwa hiyo tangu nfs-utils 1.1.0 chaguo-msingi ni no_subtree_check. Lakini bila ukaguzi, anayeweza kubuni kitambulisho sahihi anaweza kufikia mafaili mengine ya diski hiyo hiyo, yale usiyokusudia kuyatoa.

Mafundi wazuri hulimaliza jambo hili kabla hata ya kufungua /etc/exports. Hukipa kila kitakachotolewa mtandaoni sehemu yake ya diski, kama fundi wetu alivyofanya kwa picha, watumiaji na skana, ili mpaka wa folda na mpaka wa diski viwe kitu kimoja. Kinachobaki hakihitaji kukaguliwa, kwa kuwa hakuna cha ziada cha kufikiwa. Hapa usalama umetokana na mpangilio wa msingi, na sharti kwenye faili linathibitisha tu kilichokwisha kujengwa.

Neno mp linakamilisha mpangilio huo. Linaiambia seva iitoe folda hii ikiwa tu diski yake imepachikwa kweli. Seva ikiwashwa na diski ya watumiaji ikashindwa kupanda, /srv/watumiaji itakuwa folda tupu kwenye diski ya mfumo. Bila mp, maabara ingeipokea folda hiyo tupu, wanafunzi wangedhani kazi zao zimepotea, na wengine wangeanza kuandika humo mpaka wajaze diski ya mfumo. Kwa mp, seva inakataa kabisa, kosa linaonekana saa ile ile, na fundi anaitwa akiwa bado na kitu kimoja tu cha kutengeneza. Napenda sana masharti ya namna hii, yanayoandikwa kwa ajili ya siku mbaya ambayo huenda isifike.

Kuna jambo moja la uandishi ambalo kila fundi wa NFS hulifundisha mapema. Linganisha mistari hii miwili:

/srv/picha 10.20.4.11(rw)
/srv/picha 10.20.4.11 (rw)

Katika wa kwanza, mashine ya kupokea picha imepewa ruhusa ya kuandika. Katika wa pili, nafasi moja imeingia kabla ya mabano, na maana imegeuka kabisa. Mashine ile sasa imetajwa bila masharti, kwa hiyo itasoma tu. Na mabano yaliyobaki peke yake, yasiyotanguliwa na jina, yanamhusu kila mtu. Aliyestahili kuandika amenyimwa, na dunia nzima imeruhusiwa. Amri ya exportfs hutoa onyo inapokutana na mstari wa namna hiyo, na fundi mzuri husoma maonyo. Lakini kabla ya onyo kuna jicho lake. Nimewaona mafundi wakipitisha kidole kwenye kioo, neno kwa neno, wakitazama mahali kila bano linapogusana na jina lake. Umakini huo wa herufi ulikuwa wa mnakili wa hati, kisha wa mpanga chapa, na umewafikia wao.

Faili likishaandikwa, halijafanya kazi bado. Amri ya exportfs -ra huyachukua yaliyoandikwa na kuyalinganisha na orodha ambayo seva inaitumia kwa sasa, iliyoko /var/lib/nfs/etab: yaliyoongezwa huingia, yaliyofutwa hutoka. Kisha exportfs -v huonyesha hali halisi, pamoja na masharti ambayo fundi hakuyaandika lakini yamechukuliwa kimyakimya, kama root_squash, au secure, ambalo hudai ombi litoke kwenye poti iliyo chini ya 1024. Fundi makini husoma orodha hiyo hata akiwa na hakika, kwa sababu kinachotawala seva ni orodha ile, wala si kusudi lililo kichwani mwake.

Halafu huenda kwenye mashine zenyewe kujaribu. Wengi hujaribu kinachoruhusiwa, wakiona kimefunguka wanaondoka. Mahodari hujaribu kukataliwa. Huketi kwenye kompyuta ya maabara na kuagiza kufuta picha moja ya majaribio, wakingoja seva iseme hapana. Huenda kwenye mashine ya nakala rudufu na kujaribu kuandika. Hutafuta mashine iliyo nje ya mtandao wa maabara na kuomba kupachika folda ya watumiaji. Kila hapana inayokuja mahali pake inathibitisha sehemu ya faili ambayo mafanikio yasingeweza kuithibitisha.

Hata ugeni wa muda una utaratibu wake. Mtafiti akija kwa siku chache na kompyuta yake iliyo kwenye mtandao mwingine, fundi anaweza kumfungulia picha kwa amri moja, exportfs -o ro 10.20.7.15:/srv/picha, bila kugusa faili. Ruhusa hiyo haimo kwenye /etc/exports, kwa hiyo exportfs -r itakapopita tena itaifuta pamoja na kila kisichoandikwa. Kinachokusudiwa kudumu huandikwa, na cha muda huachwa kijiondokee chenyewe.

Baada ya hapo inabaki kazi ya miaka. Mashine huzeeka na kuondolewa, na anwani zake hupewa nyingine. Skana huuzwa. Ikiwa anwani 10.20.4.60 itapewa kompyuta mpya ya mapokezi na mstari wa skana bado upo, kompyuta hiyo imerithi haki ya kuandika kwenye folda ambayo mtumiaji wake hata haijui. Hakuna programu itakayoligundua hilo kwa kulisoma faili, kwa kuwa kila neno ndani yake litakuwa sahihi kisarufi. Analigundua mtu anayezijua mashine zake na kazi za watu wanaozitumia, anayelifungua faili kila muhula, akausoma kila mstari na kuuliza: mashine hii bado ipo? Kazi hii bado inafanywa? Nani anaweza kuusemea mstari huu? Usio na wa kuusemea hufutwa.

Vijana wanaoanza kazi hii vyuoni hufundishwa amri kwanza, na hilo ni sawa. Ningependa wapewe pia mafaili mazuri wayasome, kama mwanafunzi wa sheria anavyosoma hukumu za majaji waliotangulia. Wapewe mistari mitatu ya idara ya upimaji ardhi, waulizwe kwa nini mashine ya nakala rudufu imefungwa mikono, kwa nini skana ina namba moja, na kwa nini maabara nzima inasoma picha lakini mashine moja tu inaziandika. Atakayeweza kujibu kwa kutaja kazi ya kila mashine, na madhara ya kuizidishia ruhusa, amefikia kiwango cha kukabidhiwa seva.